Nyumba ya Kambini Haina Nafasi ya Nkambo

Bwana Mhariri, ninakuomba ufiche jina langu na jina la shule yangu. Baba yangu hulisoma gazeti hili, na asipolisoma yeye, rafiki zake wa kazini watamsomea.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Ninasoma kwa Masista hapa Elisabethville ili niwe mwalimu wa watoto wadogo. Si msemaji. Hata darasani, nikijua jibu, ninangoja mwingine alitoe. Lakini jambo hili limenikaa kifuani, na kwa kalamu ninaweza.

Kwetu, mtoto wa kwanza hupewa mama wa baba amlee. Nilipewa mama wa baba yangu, ambaye kwetu huitwa nkambo, mara tu nilipoachishwa kunyonya. Baba, mama na wadogo zangu wanakaa hapo hapo kwenye kiwanja chetu cha Ruashi, katika nyumba ya mbele, lakini mimi ninalala na kula kwa Nkambo, nyumba ya nyuma. Kwa desturi yetu ya utani, mimi ni mkewenza wake, tunagombania mume wake aliyekufa zamani. "Wewe mukewenza," hunitania nikisonga ugali, "ukipika bukari mubichi hivi, bwana yetu atahamia kwangu!" Nami humjibu, mimi nisiyeweza kumjibu mtu mwingine yeyote: "Atakuya kwako kufanya nini, na meno yako mbili?" Basi tunacheka mpaka jirani anauliza kuna nini.

Baba anafanya kazi kwenye tanuru za shaba, upande wa pili wa mji. Anapokuwa na zamu ya asubuhi tunatoka kungali giza, mimi nimekaa nyuma ya baiskeli yake, kinga kama anavyoiita. Akiwa na zamu ya usiku ninakwenda kwa miguu, ninafika nimechelewa, na Sista amekwisha kuniambia kwamba msichana anayechelewa hivi atapoteza nafasi yake darasani. Baba huniomba nizungumze njiani asisinzie. Kwa kuwa sina maneno, ninamsomea masomo yangu kwa sauti: mito ya Kongo, sala, hesabu. Siku moja, nikiwa katikati ya mto Lualaba, baiskeli iliingia mtaroni. Baba alikuwa amelala. Mimi niliumia kiwiko tu, lakini yeye alikaa majuma mengi bila kuweza kukunja goti.

Aliporudi kazini, mkubwa wake alimpa nyumba katika kambi ya wafanyakazi, karibu kabisa na tanuru. Kutoka pale mpaka shuleni kwetu ni mwendo mfupi. Mama aliimba siku nzima. Kisha baba alikwenda kwa kapita, msimamizi wa kambi, kuandikisha watu wake, akarudi ameinamisha kichwa.

"Banaandika bwana, muke yake na batoto yake," alisema. "Muzee anaingia na karatasi ya mugeni. Siku zikiisha, anatoka."

Nkambo alikuwa anachagua mchele. Hakuinua macho. "Sasa mimi ni mugeni wa mutoto wangu," alisema.

"Mama, siwezi tena. Nitakufa juu ya ile kinga."

"Nani alikuambia ukufe? Kwenda."

Baba alimwambia atampeleka kwa baba yangu mdogo kule kaskazini, kwa gari la moshi. Nkambo alikataa. Mume wake amezikwa hapa, na watu aliowajua kule wamekwisha. Basi wakapatana kwamba atabaki Ruashi, nyumba ya mbele itapangishwa kwa watu wengine, na baba atakuja kila Jumapili baada ya misa.

Jioni ile nilimwambia Nkambo kwamba mimi sitahama. Nitatembea. Nikifukuzwa shuleni, na iwe hivyo. Nilidhani atafurahi.

Asubuhi nilikuta ameweka mbabula mbili, majiko ya makaa, uani. Karibu na moja aliweka sufuria ndogo, mwiko, na unga kidogo katika sahani. "Hii yako," alisema. "Bakewenza habapike pamoja. Kila mutu na moto yake." Nilicheka, nikamjibu kuhusu meno yake. Hakucheka.

Tangu siku ile hajala chakula changu, wala hajanipa chake. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ninayompelekea inabaki mlangoni mpaka kuku wanaimaliza. Tunalala chumba kimoja na hanisemeshi. Nilipoumwa na tumbo alimwita mama kutoka nyumba ya mbele, yeye akakaa pale pale kwenye kigoda amenipa mgongo. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, ingawa sijui kosa langu. Akasema, "Musichana mukubwa analilia mukewenza? Fungasha bintu yako."

Mama anasema Nkambo ananifukuza kwa kusudi, ili nisiache shule kwa ajili yake, na kwamba nikibaki nitamwumiza zaidi. Baba anasema uzee umemgeuza moyo, nisihangaike. Mimi ninamtazama akipuliza moto wake peke yake, moshi unamwingia machoni, na sioni ni nani kati yao anayesema kweli. Utani ndiyo lugha yetu sisi wawili. Sasa ameutumia kunifungia mlango, nami sina lugha nyingine ya kumwuliza.

Lori la kuhamisha vitu litakuja likizo ikiisha. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, ambao nkambo zenu wangali hai, ninawaomba mkae nao mwaulize kwa niaba yangu: mwanamke mzee akimfukuza mtoto aliyemlea, anataka kweli aende? Mniandikie watakalosema, hata kama ni neno moja. Nitalifuata.