Asiyekubali Asimame

Miaka ile baada ya vita, serikali ilipotaka kutuchimbia lambo, mbuga yetu ilijaa vigingi kabla hatujaulizwa chochote. Kimoja kilipigwa ndani ya ua wangu wa minyaa, karibu na kaburi la mwanangu. Nilikipiga teke. Kilikuwa kimeshindiliwa sawasawa, nikaumia kidole.

Mume wangu alikuwa Geita, kwenye mgodi wa dhahabu. Aliondoka nikiwa na mimba. Mtoto alizaliwa, akaanza kutambaa, akafa kwa homa, na baba yake hakuwahi kumtia machoni. Nilimpelekea habari kwa mdomo wa msafiri, naye akajibu kwa njia hiyo hiyo kwamba mkataba ukiisha atakuja, nimwonyeshe mtoto alipolala. Basi nikawa namtunzia kaburi lile. Nililipalilia kila nikitoka shambani, na huko ndiko nilikozungumza, maana nyumbani hapakuwa na wa kunijibu.

Msidhani nililikataa lambo. Kiangazi cha Shinyanga nakijua kwa shingo yangu: tulitoka na mitungi alfajiri, tukarudi jua limewaka, na maji yenyewe tope. Nilichotaka ni vigingi visogezwe kidogo, basi.

Siku ya baraza tulikusanyika uwanjani kwa mtemi. Wanaume walikaa kwenye vigoda, sisi wanawake chini nyuma yao. Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, alieleza kwa kirefu habari za tuta na ng'ombe watakaokunywa, karani wake akitafsiri kwa Kisukuma. Watu walifurahi, na mimi pia nilifurahi. Kisha karani akatangaza, "Asiyekubali asimame."

Nikamtazama shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiisemea nyumba yetu. Nilikuwa nimemsihi tangu jana yake. Alikuwa ameinama anachunguza ukucha wake wa kidole gumba, utadhani kapewa siku ile.

Nikaenda mwenyewe. Nilipita katikati ya wanaume hadi mbele ya mtemi, nikapiga magoti. Kwetu mwanamke hasemi na mtemi akiwa wima. Hilo nilifundishwa kabla ya kufundishwa kusonga ugali.

"Mtemi," nikasema, "nina mtoto amelala pale. Naomba wasogeze."

Sauti ilitoka ndogo kwa hasira na aibu. Mtemi alisikia, nina hakika. Alinitazama kidogo, akaangalia pembeni. Karani alikuwa ananyoosha shingo kutafuta waliosimama. Bwana Shauri alipomuuliza ninataka nini, alijibu neno moja tu bila kunigeukia. Mzungu akaniinamishia kichwa kwa upole mkubwa, akasema jambo.

"Anasema ameipokea shukrani yako, mama," karani akanitafsiria.

Hakuna aliyesimama. Lambo likapitishwa.

Vijana walikuja kunihamisha. Walilibeba paa la nyumba yangu likiwa zima, wakiimba, wakalipandisha mlimani kwenye mawe. Mvua zilipokuja, bonde lilijaa. Majirani walinipita mlangoni na mitungi yao wakicheka, nami niliitikia salamu zao, na ndani nilikuwa mkiwa.

Mume wangu alirudi kiangazi kilichofuata. Hakutaka hata kukaa. Tukashuka hadi juu ya tuta.

"Wapi?" akauliza.

"Pale majini, mbele ya yule ng'ombe mweupe."

Ng'ombe akasogea. Ikabidi nitafute alama nyingine, nisiipate.

"Hawakuwauliza?"

"Walituuliza. Walisema asiyekubali asimame."

"Nawe?"

"Nilipiga magoti mbele ya mtemi."

Nilitamani anigombeze, aseme ningesimama tu, tulie pamoja pale pale.

"Ulifanya vizuri," akasema. "Ungesimama ungetuaibisha."

Kisha akashuka majini kunawa uso. Nikabaki peke yangu juu ya tuta, namtafuta yule ng'ombe mweupe.