Mistari kwenye Mkanda wa Shaba

Nani aliichora mistari ile? Mjomba alisema ni Mjerumani, na kwetu Newala jibu hilo lilimtosha kila mtu. Chuma chochote chenye kutu kilichotoka ardhini kilikuwa cha Mjerumani, na chochote cha Mjerumani kilikuwa na mali ndani yake. Mimi nilikuwa darasa la tano, sikuwa na jibu langu, ila lile la Mjomba halikuniingia.

Ulikuwa msimu wa korosho. Mabibo yaliyooza chini ya mikorosho yalinuka uchachu mpaka ndani ya nyumba, na vumbi jekundu lilikaa juu ya kila kitu. Mama alitaka kisima cha kuvunia maji ya mvua, maana maji tuliyafuata bondeni na kupanda nayo mlima ndoo kichwani, shingo zikiuma. Mjomba, kaka yake mkubwa, ndiye aliyekuwa akichimba. Jembe likagonga chuma. Alichokitoa kilikuwa kizito, kirefu kama mchi uliokatwa, kimechongoka upande mmoja, na karibu na kitako kilizungukwa na mkanda wa shaba. Alipoufuta kwa mate, ikaonekana mistari ya mshazari, mingi, iliyopangika vizuri mno.

“Maandishi haya,” alisema. “Hapa ndipo pa kufungulia.”

“Mbona yote yanafanana, Mjomba? Maandishi gani yana herufi moja tu?”

“We mtoto, Mjerumani aandike ili wewe usome?” Akacheka. “Haya, msomi, njoo ukishike kisibingirike.”

Nilichuchumaa, nikakibana kwa viganja. Kilikuwa cha baridi ingawa jua lilichoma. Mjomba akaweka patasi juu ya mkanda, akapiga nyundo. Mtetemo ukanipanda mpaka mabegani. Akapiga tena. Patasi ikateleza, ikapita karibu na kidole changu. Mama akatoka jikoni, mikono ina unga wa muhogo.

“Kaka, mwache mtoto.”

“Mtoto wa nani?” Mjomba hakuinua hata macho. Kwetu Wamakonde watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wao. Mama hakuweza kumnyang'anya nyundo kaka yake mbele ya majirani waliokwisha kusogea.  Akanishika kwapa, akanisukuma nyuma, akakaa chini mahali pangu na kukibana kile chuma kwa magoti, khanga na yote.

“Piga sasa, Kaka. Nikifa, wanao hawa hapa. Uwapikie, na maji ukawatekee wewe.”

 Nyundo ilibaki hewani. Mjomba akaitupa chini, akaondoka bila kuaga. Jioni Mama alikishusha kile chuma shimoni kwa kamba, taratibu, akafukia. Kisima kikaishia hapo. Tuliendelea kushuka bondeni miaka mingi, na kila shingo iliponiuma nilijiuliza kama Mama alijua kitu au aliogopa tu. Nilipomuuliza alisema, “Sikukipenda.”

Siku hizi bomba limefika uani, na maji hutoka siku yanapotaka. Bodaboda huleta wageni kutoka Masasi wenye mashine za kutafutia mali za Mjerumani. Mama huwaambia hapa pana muhogo tu. Mjomba amezeeka, nami nikimwamkia hujibu, “Marahaba, msomi. Mama yako alikalia utajiri wetu.” Nilikuwa nacheka naye, kwa kuwa sikuwa na ushahidi wowote wa kumtetea Mama.

Kisha, nikiwa nimeshamaliza chuo, nikaliona katika makumbusho Dar es Salaam kombora la mzinga wa Kijerumani, umbo lile lile, ila mkanda wake wa shaba ulikuwa laini kabisa. Nikamuuliza mhudumu mistari iko wapi. Aliponijibu nilitoka nje mbio kumpigia Mama simu, kwamba jembe lisiguse lile shimo mpaka wanajeshi waje. Mkanda hutoka kiwandani ukiwa laini. Mistari huchorwa na mifereji iliyo ndani ya mtutu, siku kombora linapofyatuliwa, na letu, lenye mistari, lilifyatuliwa bila kulipuka.