Mchezo Usiotoa Sauti

Fundi alikuwa amekwama kwenye sauti. Picha ilishakubali: kisungura kiliruka, kikaanguka, kikaruka tena, vilevile kama kwenye mashine ya michezo aliyomnunulia binti yake utotoni, ambayo sasa ilikuwa imejifia kabatini. Programu ya kuiigiza mashine hiyo ilikuwepo mtandaoni, bure, msimbo wake wazi kwa yeyote ajuaye kuusoma. Tatizo ni kwamba iliandikiwa mfumo mwingine, si ule wa kompyuta ya binti. Basi Fundi, akimaliza kompyuta za wateja, aliihamisha kipande kwa kipande.

Binti alikuwa ameolewa mbali, na tangu simu yao ya mwisho hakupokea tena za baba yake. Za mama alipokea. Fundi hakujua kosa lake. Alichojua ni kwamba akimtumia mchezo wao, na wimbo wake mwembamba wa kitoto, mtoto atacheka, atapiga.

Na wimbo ndio uliogoma. Alibadili hiki, akafuta kile, akapandisha sauti hadi mwisho. Kimya.

Mkewe akatokea jikoni na mwiko mkononi, uso kaukunja.

"Mume wangu, nakuomba! Hiyo filimbi itanipasua kichwa."

"Filimbi gani?"

"Hiyo hapo! Tangu juzi, pii pii pii. Nimenyamaza, nikasema kazi ni kazi."

Fundi akaweka kiganja kwenye spika. Ilikuwa inatetemeka.

"Hebu uimbe unavyousikia."

Mke akamshangaa, kisha akauimba kwa sauti yake nzito. Ulikuwa wimbo wa mchezo wenyewe, haukupungua kitu. Fundi akaketi. Wateja walikuwa wakimtania kwamba siku hizi anaongea kama yuko mnadani, naye akicheka nao.

"Mama," akasema, "yule mtoto aliniambia nini siku ile?"

"Unaniuliza mimi? Si uliongea naye mwenyewe?"

"Mtandao ulikuwa mbaya. Sauti yake nyembamba, inapotea. Nikaona nisimchoshe kumrudisharudisha. Nikacheka, nikamwambia vizuri, mwanangu, vizuri sana."

Mwiko ukashuka taratibu.

"Alikuambia mimba imeharibika," mkewe akasema. "Nawe ukacheka. Mimi mwenyewe nimeshindwa kukuuliza una moyo gani."

Fundi akaitazama spika. Kampuni ya simu alikuwa ameitukana mwaka mzima.

"Mpigie kwa simu yako," akamwambia mkewe. "Kaa hapa, unielezee anachosema."

Simu ikapokelewa. Fundi akaisogelea.

"Mwanangu, ni baba. Usikate. Masikio yangu yamekufa, nami nilikuwa sijui. Siku ile sikusikia hata neno moja." Akamgeukia mkewe. "Anasemaje?"

Mkewe alikuwa ameuma mdomo.

"Hasemi. Analia tu."

"Nipe."

Akaikandamiza simu sikioni, akafumba macho. Hakusikia kitu. Hakuiondoa.