Kijiko cha Uzi wa Buluu

"Nimekwisha! Nimekwisha mimi! Miaka sabini nimeutunza mdomo wangu, leo mke wa mwanangu ananilisha najisi ndani ya nyumba yangu!"

"Hujalishwa kitu, mama. Hata bakuli hujashika."

"Harufu nimeinusa! Harufu nayo si inaingia tumboni?"

Huyo alikuwa Keyla, mama mkwe wa Hinde. Ijumaa, saa sita mchana, kasimama katikati ya jiko, kijiko cha mti kakinyanyua juu kama kakamata mwizi. Mimi nilikuwa jirani wa uani, mke mpya, nimekuja kuazima chumvi. Chumvi nikaisahau palepale.

Kwetu sisi Wayahudi wa Soroka, kuchanganya nyama na maziwa ni haramu; kila nyumba ina vijiko vya nyama na vijiko vya maziwa, na havikutani hata ndotoni. Vya maziwa Hinde alivifunga uzi wa buluu. Sasa mikate ya sabato ilianza kuungua, jicho lake likawa kwenye tanuri, mkono ukaokota kilichokuwa karibu na kukoroga mchuzi wa kuku. Uzi wa buluu unaning'inia, na Keyla ndio kwanza anaingia.

Na kuku mwenyewe! Hinde alianza kumuwaza tangu Jumapili. Alhamisi alfajiri yuko sokoni, anapuliza manyoya ya kila kuku aone kama ngozi ina mafuta ya njano, mpaka muuzaji analia, "Mama wee, huyo kuku, si makaa!" Maana Getsel, mumewe, alikuwa akizunguka vijijini kununua manyoya ya mito, na Ijumaa ile ndiyo anarudi baada ya wiki saba. Kuku ni huyo mmoja. Mchuzi ukimwagwa, mwanamume anapokewa kwa viazi vitupu.

Hinde akampokonya mama mkwe kijiko, akakificha ndani ya shali. "Shoga, nisindikize kwa rabi, akatuamulie."

Tulimkuta Rabi Nusen anakata kucha za sabato. Akakigeuza kijiko, akakinusa.

"Sufuria kubwa?"

"Ndogo, rabi."

"Basi niambie. Mara ya mwisho kimegusa maziwa ya moto lini? Kama siku nzima haijapita, usiku na mchana wake, mwaga mchuzi. Kama imepita, kijiko kichome, mchuzi kuleni."

Hinde akazitazama kucha za rabi zilizolala kwenye karatasi, kama vile anazihesabu.

"Jumatano," akasema.

"Kuleni, mwanangu. Sabato njema."

Njiani alinikimbiza hasa. Siku za baridi jua letu saa kumi limeshazama, na mishumaa ya sabato lazima iwashwe kabla halijazama.

"Polepole basi, Hinde!"

"Mishumaa itanisubiri mimi?"

Jioni mimi na mume wangu tulialikwa. Nimekula karamu nyingi tangu hapo, za arusi na za matajiri, lakini mchuzi ule bado nautafuta. Mafuta yanaelea juu kama vifungo vya dhahabu, tambi kazikata mwenyewe, nyembamba mpaka unaona haya kuzitafuna. Getsel, ndevu bado zina ubaridi wa njiani, alimwimbia mkewe sifa zake kama waume wetu wanavyofanya Ijumaa, na kila sifa anachungulia sufuria. Hinde aliona haya kama msichana. Sijui siku hizi nani anaimbiwa namna ile.

Keyla, aliyeapa hatoonja, alimaliza bakuli la kwanza. Akaongeza la pili. Akalifuta kwa mkate mpaka likang'aa. Halafu akatulia, mkate mkononi.

"Hinde."

"Abee, mama."

"Jana jioni si tulikula ugali wa maziwa?"

Getsel akaacha kutafuna. Mimi nikatazama mishumaa.

"Ule ugali, Hinde, uliukoroga na nini?"

Hinde akainuka, akakusanya mabakuli, lile la Keyla akaliweka juu kabisa, akaenda zake jikoni.