Trei Ilipofika Benchi la Nyuma

Baba alifundisha shule ya Biblia karibu na Tawa, na swali lililomharibia maisha hakulitunga yeye. Mzee mmoja aliliuliza darasani, miaka ya sitini: "Mwalimu, baba yangu alikufa kabla injili haijafika huku. Sasa yuko wapi?" Jibu lilijulikana: motoni. Baba alifungua kinywa akashindwa kulitamka.

Tangu hapo yeye na walimu wenzake wawili wakawa wanakutana jikoni kwetu kila Alhamisi, wakibishana kwa Kikamba. Wakafikia kusema kwamba Mulungu aliyeombwa mvua na babu zetu ndiye huyu huyu wa Biblia, na kwamba hawezi kuwasahau waliomwita. Baba aliyaandika hayo kwenye daftari za shule. Mimi nilipika chai nikawadharau. Nilikuwa nimeokoka juzi juzi na nilijua kila kitu.

Nyanya, mama yake baba, akafa bila kubatizwa. Kanisa letu halikuwaombea watu wa namna hiyo. Baba akasimama kaburini mbele ya wote, akasema, "Mulungu, mpokee mwaitu, mama yangu. Unamjua."

Baraza la kanisa liliketi wiki hiyo hiyo. Katibu wake nilikuwa mimi. Wakamtaka baba ayakane maneno yale, akakataa. Basi nikaandika, kwa mwandiko alionifundisha yeye mwenyewe, maneno aliyoyasema na adhabu yake: akae benchi la nyuma, asishiriki Meza ya Bwana mpaka atubu.

Wale walimu wenzake wawili nao waliitwa, wakatubu upesi. Walikuwa na watoto wa kusomesha. Baba alikaa pale miaka kumi na minane. Mama alipofariki nilihamia kando yake, asiwe peke yake. Trei ya vikombe vya Meza ya Bwana ikifika aliipokea kwa mikono miwili, akanipa bila kuonja. Nami nikanywa. Kila mara nilikunywa, na leo naona haya.

Mwaka wake wa mwisho, kijana wa chuo cha theolojia alitoka Kitui kuja kuomba zile daftari.

"Mzee, siku hizi hayo mambo tunafundishwa. Hata kwa mtihani yanakuja."

Baba akamuuliza, "Na Meza ya Bwana?"

Kijana akaangalia chini. "Hiyo ni ya baraza, mzee."

Tulimzika bila mchungaji. Watu walisimama wakingoja, hakuna aliyethubutu kumwombea. Maneno niliyajua, niliyaandika mwenyewe. Nikasema, "Mulungu, mpokee baba. Unamjua."

Baraza liliketi wiki hiyo. Sasa trei ikifika naipokea kwa mikono miwili, naipitisha bila kuonja, na pale alipokuwa akikaa hakai mtu.