Mama Vifungo na Wasiwasi wa Saa Kumi

Mtaani kwake hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Vifungo, na si kwamba aliuza vifungo. Ni kwamba tangu aanze kushonea watu nguo, miaka tisa sasa, hakuna mteja aliyefika kuchukua nguo yake asiambiwe, "Ah, yako tayari, imebaki vifungo tu. Njoo Ijumaa." Aliambiwa hivyo mwenye suruali, akaambiwa mwenye gauni, akaambiwa hata mzee mmoja aliyeleta kitambaa cha pazia. Mzee akashukuru, akaondoka, akafika nusu ya njia ndipo akasimama kujiuliza: pazia na vifungo wapi na wapi?

Watu hawakumchukia. Mkono wake ulikuwa mzuri, na nguo ikishatoka kwake inakukaa kana kwamba umezaliwa nayo. Kwa hiyo walinung'unika, wakasubiri, wakaleta nyingine.

Lakini kabatini mwake kulikuwa na mzigo mmoja uliofungwa kwenye shuka jeupe, na huo haukuwa umebakiza vifungo. Ulikuwa umebakiza kila kitu. Ilikuwa lesi ya gauni la harusi. Bibi harusi mwenyewe, msichana wa kaunta ya posta, ndiye aliyeileta, akasema ni kipande cha mwisho dukani, hakipatikani tena hata kwa dawa. Alipimwa, akaenda zake. Alipokuja kuulizia wiki iliyofuata, akaambiwa yale yale: imebaki vifungo tu. Sasa ilikuwa Jumatatu, harusi ni Jumamosi, na mkasi ulikuwa haujaigusa lesi hiyo hata kwa ncha.

Mama Vifungo alikuwa anaogopa kukata.

Woga wenyewe ulianza polepole, tangu mtoto wake wa miezi tisa alipozaliwa. Usingizi ulikatika, na kichwa kikawa hakitulii. Mikono inashona, mawazo yanazurura. Mtoto amekohoa, kikohozi gani kile? Pasi nimeizima? Mama mkwe jana aliposema "sawa", ile sawa ilikuwa sawa ya kweli au sawa ya nitakuonyesha? Siku moja akiwa katika safari hizo za kichwani, alimkatia mwalimu mmoja suruali yenye miguu yote miwili ya kushoto. Mwalimu aliivaa, akageuka mara mbili mbele ya kioo, akasema kwa upole, "Fundi, hii mimi naelekea mbele, yenyewe inaelekea sokoni." Tangu siku hiyo, kila akishika mkasi moyo unamwenda mbio.

Basi Jumatatu hiyo aliingia muuguzi wa kliniki, amekuja kuchukua sare yake aliyoileta kupunguzwa mikono. Mama Vifungo akainuka kumkaribisha, na sare ikainuka naye. Alikuwa ameishona kwenye sketi yake mwenyewe, pindo kwa pindo, mshono imara kabisa.

"Naona umeanza kunivalia," muuguzi akasema, akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Fundi, mara ya mwisho kulala vizuri ni lini?"

Mama Vifungo alitaka kusema jana. Badala yake machozi yakamtoka, huku anafumua ule mshono kwa wembe. Akaeleza yote: kikohozi, pasi, ile sawa, suruali ya mwalimu, lesi.

"Na wasiwasi huo unakujia saa ngapi?"

"Dada, saa zote. Haubishi hodi."

"Basi upangie saa yake. Robo saa tu kwa siku, tuseme saa kumi jioni. Ukija kabla ya hapo, usigombane nao, uambie uje saa yake. Hivi wewe, kumwambia mtu aje baadaye utashindwa?"

Mama Vifungo akafuta pua. Kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Ila ikifika saa kumi, hakuna kuahirisha. Unalitazama jambo, unalisema lilivyo, unajiuliza ni lipi unaweza kulifanyia kitu. Robo saa ikiisha, unainuka. Na zikipita wiki mbili bado hulali, njoo kliniki. Yupo mwenzangu, kazi yake ni kusikiliza watu, na hakuna anayechekwa pale."

"Wewe umenicheka sasa hivi."

"Nimeicheka sare."

Jumanne asubuhi fundi akaanza kazi. Anatia uzi kwenye sindano, kile kikohozi cha mtoto kikamjia kichwani. Akakiambia kwa sauti ile ile ya dukani, "Karibu, karibu. Yako tayari, imebaki vifungo tu. Njoo saa kumi." Ajabu, kikasogea. Hakikuondoka, kilikaa pale mlangoni kimenuna kama wateja wote, lakini kilisogea. Ikaja pasi, nayo ikapewa miadi. Kila jambo akaliandika nyuma ya daftari la vipimo, na kufika mchana orodha ilikuwa na mambo manane.

Saa kumi kamili akachukua kigoda, akakaa kuuelekea ukuta, saa ya mezani mapajani, daftari mkononi. La kwanza: pasi. Akageuka, akaitazama. Imezimwa. La pili: kikohozi. Mtoto alikuwa kwenye kapu la vipande vya vitambaa, anatafuna ukanda wa kupimia, buheri wa afya. La tatu hakulikumbuka hata lilikuwa linahusu nini, aliandika tu "na je ikinyesha?"

Ndipo mama mkwe akaingia. Akasimama. "Mwanangu, ukuta umekukosea nini?"

"Hakuna kitu, mama. Nina wasiwasi."

"Wa nini?"

"Ngoja kwanza, nimefika wa nne."

Mama mkwe akarudi kinyumenyume hadi uani, akampigia simu mwanawe. "Baba, wahi nyumbani. Mkeo yuko na miadi na ukuta." Lakini Mama Vifungo alimfuata na kumweleza alivyoelekezwa na muuguzi, na uso wa bibi yule ukabadilika. Akakata simu bila kuaga.

"Robo saa nzima? Unawaza unachotaka, na hakuna anayekuita jikoni?"

"Ndiyo, mama."

"Nisogezee kigoda. Mimi yangu ni ya tangu hujazaliwa."

Akaanza na mlango. Siku ya harusi ya dada yake, miaka thelathini na tatu iliyopita, alitoka nyumbani mbio, na hadi leo hajui kama alifunga mlango wa nyuma.

"Si mngeangalia mliporudi?"

"Tulirudi usiku, tumechoka, tukapitia mbele. Na nyumba yenyewe ilishabomolewa."

"Sasa mama, mlango wa nyumba iliyobomolewa..."

"Usinikatishe. Hii ni robo saa yangu."

Mama Vifungo akaona na yeye ajaribu bahati. "Mama, mwezi juzi nilipokuonyesha lile shati ukasema sawa. Ilikuwa sawa gani?"

Mama mkwe akafikiri. "Nilikuwa natafuna."

Miezi miwili ile sawa ilikuwa imemla roho! Akaifuta kwenye daftari kwa mistari mitatu.

Jambo moja tu halikufutwa. Lile gauni lilikuwa namba nane, na alipolifikia macho yake yakalipita. "Wewe njoo kesho," akanong'ona, akainuka dakika mbili kabla ya wakati. Mama mkwe alimwona.

Jumatano, saa kumi na dakika tano, wamekaa wote wawili mbele ya ukuta kama abiria wanaosubiri basi, hodi ikabishwa. Bibi harusi. Amejifunga mtandio mkubwa mabegani na joto lote lile.

"Shikamooni. Fundi, nimekuja... gauni langu."

Ulimi wa Mama Vifungo ulikuwa tayari. Miaka tisa unajua njia. "Ah, lako tayari, ime..."

Mama mkwe akainua saa ya mezani, akaionyesha kwa kidole. "Robo saa hii hakuna kuahirisha. Si maneno yako?"

Moyo ukaanza mbio zake. Mama Vifungo akafungua kabati, akalitoa lile shuka jeupe, akalifungua mezani. Lesi ikalala pale, mpya, mita zake zote.

"Halijakatwa," akasema. "Nilikudanganya. Nimekuwa naogopa kulikata."

Bibi harusi akaitazama lesi. Akamtazama fundi. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Msichana akajiangusha kwenye kiti, juu ya mto wa pini, akaruka, akarudi kukaa, akapiga kelele, "Asante Mungu wangu!"

Sasa wakashangaa fundi na mama mkwe. Msichana akafungua mtandio. Sketi yake ilikuwa imefungwa kiunoni kwa pini kubwa ya nepi. Tangu siku aliyopimwa, akasema, kila akiiwaza harusi anakata kipande cha mkate, na alikuwa anaiwaza sana. Amepita mbele ya mlango huu mara tatu ameshindwa kuingia. Nyumbani amewaambia gauni analijua, linamkaa vizuri.

"Ningekuja kuvaa lile la vipimo vya kwanza, fundi, lingekwama. Kwa juu au kwa chini, sijui, ila lingekwama."

Mama Vifungo akamnyang'anya mtoto ukanda, akaufuta, akapima upya. Kiuno, inchi tatu zaidi. "Mikate mingapi hii?"

"Andika kiuno, fundi, mikate iache."

Akachora kwa chaki. Akashika mkasi, akaona bora aseme. "Naogopa."

"Hata mimi," akasema bibi harusi.

"Mimi siogopi, si kitambaa changu," akasema mama mkwe. "Kata."

Akakata. Shubiri ya kwanza ilikwenda polepole, ya pili ikaharakisha, na walipokumbuka kutazama saa ilikuwa kumi na moja kasoro. Ubavuni aliacha vidole viwili vya ziada kila upande, ndani ya mshono, kwa sababu harusi bado siku tatu na mkate bado unauzwa.

Jumamosi alialikwa. Alikaa meza ya pembeni, mtoto magotini, macho kwenye mshono wa ubavuni wa bibi harusi. Sahani ya kwanza ikapita, mshono ukatulia. Ya pili ikapita, mshono ukavutika kidogo, ukatulia. Ya tatu, Mama Vifungo aliinuka akaenda kumpakulia bibi harusi kwa mkono wake.