Mbuzi wa Kasikeu na Bolti ya Stata

Mume wangu Mutisya hajawahi kupeleka gari kwa fundi. Pikapu yetu imezeekea hapa Matiliku mikononi mwake. Ni shemasi kanisani, mtu wa maneno machache, na akishika spana hata hayo machache huisha. Kazi ya vidole ni yangu. Bolti ya juu ya stata iko nyuma ya injini, mahali jicho halifiki, na mkono wake ni mnene. Kwa hivyo yeye hulala chini ya gari akitoa amri, nami huinama juu nikipapasa.

Jumamosi hiyo stata ilikataa kabisa kuwasha injini, ikabidi tuifungue. Siku gani sasa! Mbuzi wa ntheo walikuwa wamefungwa kando ya choo, wanalia, na wazee wa Kasikeu wanatungoja. Kijana wetu Jonah anaishi hapa kwetu na Kaluki, binti wa Kasikeu, na kwetu Wakamba msichana hajaolewa mpaka mbuzi hao wafike kwao. Hata azae, alime, azeekee kwa mume, bado ni mtoto wa kwao. Kaluki naye ana mimba kubwa. Baba yake alishasema mbuzi wasipofika leo, atakuja kumchukua.

"Vuta kwako," Mutisya akasema.

Nikavuta. Wapi! Tukaimwagia dizeli, tukangoja iingie kwenye kutu, nikavuta tena. Akanipa paipu niichomeke kwenye spana nipate nguvu. Vidole vikachubuka. Bolti ikazidi kukaza, nami nikazidi kuchanganyikiwa, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyenifundisha kwamba hii ya juu hufunguka ukisukuma.

"Baba Jonah, una uhakika ni kuvuta?"

"Vuta tu, mama."

Aiya! Hasira ikanipanda. Nikasukuma. Bolti ikalia, ikalegea.

"Imefunguka!"

Alitoka chini ya gari, akakaa kwenye vumbi. Nilidhani ameumia. Mtu anasaidiwa halafu ananuna? Sikuelewa kitu.

"Kwani kwa nini uliniambia nivute?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, akajifuta tena. "Mwanamume ambaye hajapeleka mbuzi wake hawezi kupeleka wa mtoto wake. Wazee wataniuliza, Mbithe."

"Si ulipeleka? Ulienda kwetu Kambu nikiwa hospitali kumzaa Jonah."

"Nilifika sokoni, nikawauza. Nikasema nitanunua wengine."

"Na baba yangu?"

"Alininyamazia kwa ajili yako. Mpaka akafa."

Baba alikuwa akija hapa kila Krismasi, anakunywa chai yangu, ananiita mke wa Mutisya mbele ya watu. Nilitaka kumpiga huyu mwanamume na ile paipu. Nilitaka pia kulia. Nikabaki nimesimama tu na grisi hadi kwenye viwiko.

"Tengeneza hiyo stata uirudishe," nikamwambia. "Hao mbuzi wanaenda Kambu kwa kaka yangu. Leo."

"Na Kaluki?"

Kaluki mwenyewe alikuwa ametokea mlangoni na kitenge chake kipya, mkono mmoja kwenye tumbo.

"Mama, gari imepona?"

Nikafungua mdomo, na sikujua nimjibu kama mama mkwe wake, au kama msichana wa watu, kama yeye.